Rais hachagui vifungu vya kutii

Mmetuuliza wiki hii: Rais akidaiwa na sheria afanye jambo asiloliamini, atii au akatae? Mimi nasema atii.

Nawakumbuka wale majaji 41. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipeleka majina yao kwa Rais Uhuru Kenyatta. Kifungu cha 166 cha Katiba kinamtaka Rais ateue majaji kwa mujibu wa mapendekezo ya Tume. Hakimpi kazi ya kuwapiga msasa upya. Akakataa, kwa hoja kwamba uadilifu wa baadhi yao ulitiliwa shaka. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa hana hiari katika jambo hilo. Bado majina yalikaa Ikulu hadi Juni 2021, alipoteua 34 na kuwaacha sita. Mmoja alikuwa ameshafariki.

Wapo wanaomtetea kwamba Rais hupata taarifa za kijasusi tusizoziona sisi. Sawa, huzipata. Lakini Mwanasheria Mkuu ni mwanachama wa Tume, na hapo ndipo pa kuziweka mezani. Na jaji mbovu ana njia yake ya kuondolewa chini ya Kifungu cha 168: alalamikiwe, achunguzwe, ajitetee. Wanne kati ya wale sita walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, na waliendelea kuamua kesi zetu kila siku. Kama hawakufaa kupandishwa hadi Mahakama ya Rufani, walifaaje kutuhukumu sisi? Wawili kati yao, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa katika jopo lililoharamisha mchakato wa BBI, mpango wa kurekebisha Katiba aliouunga mkono Rais Kenyatta, Mei 13, 2021, wiki tatu tu kabla ya uteuzi huo. Mkenya gani hangeshuku?

Ishirini kati ya wale 41 walipangiwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wenye kesi za mashamba walirefushiwa foleni kwa mvutano usiowahusu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Septemba 2022 William Ruto aliwateua wale sita siku aliyoapishwa. Nilifurahi kwa ajili yao, ila Katiba haikuwa imebadilika hata neno. Aliyebadilika ni mwenye kalamu. Kwa hiyo iwekwe siku maalumu ya mwisho, hata ikibidi kurekebisha Katiba: ikipita bila Rais kutia saini, Jaji Mkuu awaapishe.