Maswali ya Wasomaji: Vibanda, Maduka na Mabaraza ya Mombasa

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Mombasa watutajie mahali wanapopapenda mtaani kwao: kwa mama wa mahamri, kwa fundi, dukani au barazani. Barua zilikuja kwa wingi, na nyingi zilikuwa na maswali ndani yake. Tumechagua baadhi na kuzijibu, tukisaidiwa na yale ambayo wasomaji wengine walitueleza. Jambo moja limejitokeza karibu katika kila barua, nalo ni kwamba biashara ndogo za mji huu hujulikana kwa saa zake kuliko kwa mabango. Basi kila tulipotaja mahali, tumejitahidi kutaja na wakati wake.

SWALI: Nimehamia Mikindani kutoka Nakuru kwa ajili ya kazi. Wenzangu husifu mahamri na mbaazi za nazi, lakini kila ninapotoka kuyatafuta, mnamo saa nne asubuhi, naambiwa yamekwisha. Niende wapi? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu msomaji, karibu Mombasa. Huna haja ya kwenda mbali, ila una haja ya kuamka mapema. Mama anayeuza mahamri huukanda unga wake usiku, akauacha uumuke, na alfajiri karai huwa tayari limeshika moto. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi ndiyo saa ya biashara yake, kwa kuwa wateja wake ni wanafunzi, makondakta, watu wa bandarini na majirani waliotuma watoto na mabakuli. Ikifika saa tatu ameshaosha vyombo. Huko Mikindani tazama karibu na misikiti na kwenye vituo vya matatu, na palipo na watoto waliopanga foleni na bakuli mkononi ujue umefika. Siku ya mapumziko ukitaka kutembea, nenda Majengo, Bondeni au Kibokoni, ambako wasomaji wetu kadhaa wameapa kwamba hakuna kama kwao.

Hamri zuri huwa jepesi mkononi, tupu ndani, na harufu ya iliki hukufikia kabla hujalimega. Kwenye mbaazi, tazama tui. Mpishi hodari huzichemsha kwanza kwa tui jepesi mpaka ziive, kisha kasimele, lile tui zito la kukamua mwanzo, hutiwa mwishoni kwa moto mdogo huku likikorogwa ili lisikatike. Ukiona maji chini na mafuta yakielea juu, ujue aliyepika alikuwa na haraka. Nenda na chombo chako mwenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, mama wengi hufunga mahamri kwenye karatasi, na mbaazi hazibebeki kwa karatasi.

Katika mwezi wa Ramadhani hesabu hii hugeuka. Asubuhi hutakuta kitu, lakini baada ya sala ya alasiri vichochoro vya Mji wa Kale na Majengo hujaa meza za viazi karai, sambusa, kaimati, katlesi na mkate wa mofa. Hata kama hufungi, ingekufaa upite huko saa kumi na moja jioni, ununue uende ukale nyumbani baada ya adhana ya magharibi pamoja na majirani.

SWALI: Natafuta zawadi ya kumpelekea rafiki aliyeko Ujerumani, iliyotengenezwa hapa hapa. Ni wapi? – Msomaji, Nyali

JIBU: Kwa kuwa uko Nyali, Bombolulu ni karibu nawe, kwenye barabara ya Malindi. Karakana zake zilianza mwaka 1969 na mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wanaotengeneza mapambo, nguo, vitu vya ngozi na vya mbao. Ukipenda vinyago, chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kiko Changamwe, na huko utamwona mchongaji akifanya kazi kabla hujaamua kununua. Nenda siku ya kazi, asubuhi, ambapo mafundi wengi huwapo.

SWALI: Binti ya dada yangu anaolewa, nami nimeagizwa ninunue leso za upande wetu. Nimekulia bara na sijui kuchagua leso. Niende duka gani, na nifanye nini nisiuziwe kitambaa dhaifu? – Msomaji, Bamburi

JIBU: Dada, hongera kwa shughuli. Mahali pa leso ni Biashara Street, na wala si duka moja, kwa sababu raha ya mtaa ule ni kupita duka hata duka na kulinganisha. Duka ambalo jina lake limekaa vinywani mwa watu kwa muda mrefu zaidi ni la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na leso zake hutambulikana kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla". Kwa maoni yetu anza hapo ili mkono wako uzoee kitambaa kizuri kabla ya kushika vingine.

Leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, kwa hiyo ukiambiwa bei uliza kama ni ya doti au ya kipande. Ikunjue yote, usiridhike na kona uliyoonyeshwa. Tazama kwanza pindo kama limenyooka pande zote nne, kisha mji, yaani sehemu ya katikati, kama umekaa sawasawa, kisha usome jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Igeuze: leso iliyopigwa chapa vizuri, rangi zake hupenya hadi upande wa nyuma. Halafu ishike kipande kidogo mkononi ukifikiche. Leso yoyote mpya huwa ngumu kwa sababu ya wanga, lakini ukifikicha na kitambaa kikalegea mara moja na kuonyesha matundu, wanga ulikuwa unaficha uzi mwembamba. Mwishowe lowesha kidole usugue kwenye rangi nzito, hasa nyekundu na nyeusi. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukataza kufanya lolote kati ya hayo.

Kuhusu jina, usilichukulie kwa wepesi. Leso husomwa, na wakwe watasoma kabla ya kushukuru. Maneno ya dua, ya heri na ya shukrani kwa mama yanafaa kwa arusi. Maneno ya mafumbo kwa jirani au kwa mwenye wivu yaache dukani hata kama rangi zake zimekupendeza, kwa kuwa utazua mazungumzo ambayo hukuyakusudia. Kama nyinyi jamaa mtavaa sare, hesabuni watu kwanza mkanunue zote siku moja, maana chapa moja ikiisha dukani huenda msiipate tena, na sare iliyopungua watu watatu ni huzuni ya bure.

Ukishalipa, usiondoke. Pale pale mtaani, kwenye vibaraza vya maduka, wako mafundi wenye cherehani ambao kazi yao ni kukata doti na kuzipinda leso unaposubiri. Kazi ya leso moja ni ya dakika chache tu, na ujira wake ni mdogo mno ukilinganisha na unyofu wa mshono ule; tunawasihi wasomaji wasiwapunguzie bei mafundi hawa. Nenda asubuhi baada ya saa tatu. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa sala, na siku za mwisho kabla ya Idi mtaa ule haupitiki.

SWALI: Nilinunua masala ya pilau yaliyokwisha kusagwa, katika duka ambalo sitalitaja. Pilau lilitoka na rangi lakini halikuwa na ladha wala harufu. Je, kuna duka la viungo ninaloweza kuliamini? – Msomaji, Likoni

JIBU: Bwana msomaji, badala ya kutafuta duka la kuamini, nunua viungo vizima, ambavyo vitakusemea vyenyewe. Nenda Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914 kwa jina la MacKinnon kwenye barabara ya Digo, ambako wauza viungo wako ndani na pembezoni mwake. Karafuu iwe na kichwa chake, na ukiiminya kwa ukucha itoe mafuta. Iliki iwe imefumba na bado ina ukijani. Ikishapasuka na kupauka, harufu imekwisha kwenda zake. Mdalasini uvunjike kwa mlio mkavu. Bizari nyembamba isugue kiganjani kisha unuse kiganja. Pilipili manga utaipima nyumbani, kwa kuitia katika bakuli la maji, ambapo punje zilizokomaa huzama na zile tupu huelea. Baada ya hapo unaweza kumwomba muuzaji akusagie mbele yako, au ukatwanga mwenyewe kadiri ya sufuria moja. Masala ya kusagwa tayari hatuyakatai kwa chai, lakini kwa pilau hatuyapendekezi hata kidogo.

Usinunue kwa wingi. Joto na unyevu wa Mombasa huharibu viungo upesi, na muuzaji mzuri hatachoka kukupimia kidogo kidogo kila wiki.

SWALI: Mliomba tuwatajie tunapopapenda. Mtaani kwetu kuna mzee anayechoma mishkaki jioni, na kwa kweli sijaonja mingine kama ile. Nasita kumtaja. Naogopa watu watamiminika na simu zao kumpiga picha, bei itapanda, na sisi majirani tutakosa. Je, ni choyo? – Msomaji, Tudor

JIBU: Hapana, si choyo, na tumefurahi kwamba uliandika. Wapo wafanyabiashara wanaotafuta wateja wapya na wakitajwa watashukuru. Na yupo mwingine anayenunua nyama ya kumtosha kwa jioni moja, akachoma peke yake au na mwanawe, na wateja alionao ndio anaowaweza. Huyu wa pili, akiletewa watu mia kwa usiku mmoja, hatapata faida. Atakachopata ni nyama isiyoiva na majirani waliokasirika. Tena wengi hukaa kwenye kibaraza cha mtu kwa hisani ya mwenye nyumba, au kando ya barabara ambapo askari wa kaunti wanaweza kuwaondoa siku yoyote, na sifa nyingi huwavutia hata wasiohitajika.

Kwa hiyo katika safu hii tumeshika utaratibu ufuatao. Duka lenye mlango na jina juu ya mlango tunalitaja. Mtu mwenye jiko na meza tunataja mtaa na saa yake tu, isipokuwa mwenyewe ametupa ruhusa. Nenda kamwulize mzee wako, kwa heshima na bila simu mkononi, kama angependa tuandike habari zake. Akikubali, tuletee, akikataa, kaendelee kula mishkaki yako kwa amani, nasi tutaridhika kujua kwamba Tudor kuna mtu anayeijua kazi hiyo.

SWALI: Napenda sana kahawa tungu, lakini barazani wamekaa wanaume watupu. Je, mwanamke anaweza kuipata wapi bila kunyanyuliwa macho? – Msomaji, Kizingo

JIBU: Dada yetu, ni kweli kwamba mabaraza ya Mji wa Kale baada ya magharibi, yenye bao na mazungumzo ya siasa, ni ya wanaume, na si haki kukuambia vinginevyo. Lakini kahawa yenyewe haina mwenyewe. Wauza kahawa bado wanatembea na dele la shaba lenye makaa chini yake, wakigonganisha vikombe ili wajulikane wanapopita, na wanawake wengi huwaita kutoka mlangoni au kumtuma mtoto na chupa ya chai. Pia wapo wanaokaa karibu na Ngome ya Yesu jioni, mahali ambapo familia nzima hupunga upepo na hakuna atakayekushangaa. Omba na kashata ya njugu, kwa sababu kahawa ile, hasa ikitiwa tangawizi, huhitaji kitu kitamu pembeni.

SWALI: Nyanya yangu amekuja kutoka Voi kwa matibabu na magoti yanamsumbua. Ningependa kumtoa jioni moja pamoja na watoto, mahali pasipo gharama kubwa. – Msomaji, Magongo

JIBU: Mwambie shikamoo yetu. Mpeleke Mama Ngina, ambako bustani ya ufukweni ilifunguliwa upya mwezi wa Oktoba 2019. Gari au tuktuk litamshusha karibu kabisa na viti, kwa hiyo hatalazimika kutembea. Chagua kiti chini ya mmojawapo wa mibuyu, kikielekea mlango wa bandari, kwa kuwa meli za Kilindini hupita karibu sana, na watoto watashughulika kuzihesabu. Fikeni saa kumi na moja, jua likiwa limepoa. Siku ya Jumapili tangulieni kidogo, maana viti hujaa. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, chukua mtandio au leso ya kumfunika mabega.

Chakula kipo hapo hapo: mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, kachri za mihogo, mabuyu ya watoto, na achari ya embe kwa anayeiweza. Watoto watakuomba muvuke na feri ya Likoni, iliyo karibu na ambayo waendao kwa miguu huvuka bure. Kwa siku hiyo wakatalie, kwa sababu mteremko wa kuingilia na msongamano wa jioni si wa mtu mwenye magoti mabovu. Na ukiagiza dafu, mwambie muuzaji mapema kama nyanya anataka la maji matupu au la urambe, yaani lenye nyama laini ndani, kwani huchaguliwa kwa kugongwa kabla ya kukatwa. La urambe atalipasua vipande viwili baada ya maji kunywewa, na kijiko atamchongea kutoka kwenye ganda lile lile.