Kile kipele cha puani

Kichwa kiliniuma upande wa kushoto tu, siku mbili mfululizo. Kuchana nywele ikawa adhabu. Siku ya tatu vikatoka vipele juu ya nyusi, nikasema mdudu kanitambalia usiku, nikapaka mafuta. Kesho yake kikatoka kingine kwenye ncha ya pua, kidogo kama punje ya mtama. Jicho lilikuwa jekundu kidogo, wala haliumi.

Nikafungua kabati. Kulikuwa na chupa ya matone niliyoandikiwa zamani kwa ajili ya mzio, yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Nilishainua kichwa niyatie, dada yangu akaninyang'anya. Nilimnunia siku nzima, lakini tukaenda hospitali.

Daktari alipoiona pua, habari za kichwa akaziacha. "Jicho linaonaje?"

Ulikuwa mkanda wa jeshi. Mimi nilijua huo hutoka mbavuni! Kumbe virusi vya tetekuwanga haviondoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya neva miaka na miaka, kinga ikishuka vinatoka kwa kufuata neva moja, upande mmoja. Vyangu vilifuata neva ya paji la uso. Tawi lake moja hupita jichoni na kuishia kwenye ncha ya pua, kwa hiyo kipele pale ni taarifa kwamba jicho liko hatarini. Kipele kisipokuwepo bado jicho laweza kuguswa, usijidanganye.

Dawa ya kuzuia virusi hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Nilipewa asaikloviri miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba. Mara tano si mchezo. Bila kengele ya simu ningeruka dozi nusu.

Daktari wa macho alinitia jichoni rangi ya machungwa, akamulika kwa taa ya buluu. Kisha akakigusa kioo cha jicho, yaani konea, kwa ncha ya uzi wa pamba. Sikuhisi kitu, nikafurahi. Yeye hakufurahi: jicho lililokufa ganzi haliujui mchanga ukiingia, na kidonda chake huchelewa kupona.

Nikamuuliza juu ya yale matone yangu. Akasema steroidi si adui, huenda yeye mwenyewe akaniandikia baadaye, ila baada ya kupima. Kuna virusi vingine, ndugu wa hivi, vile vya malengelenge ya mdomoni. Navyo hushambulia konea, na kwa nje unaona wekundu tu. Ukivitilia steroidi peke yake umevifungulia mlango.

Ukiambiwa upime VVU, usikasirike. Mkanda wa jeshi kwa kijana ni sababu tosha ya kuangalia kinga. Na maji ya malengelenge yako yaweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua, basi kaa mbali na wajawazito na watoto wachanga mpaka yakauke. Chanjo ipo, dozi mbili, hasa kwa waliotimiza miaka 50.

Vipele vilikauka, nikadhani yamekwisha. Baada ya miezi miwili mwanga ukaanza kuniumiza: uvimbe ndani ya jicho, na presha ya jicho imepanda. Siku hizi kila asubuhi nafunika jicho la kulia, nasoma kalenda ya ukutani kwa la kushoto. Juzi tarehe zilikuwa na ukungu. Sikungoja hata chai.