Kwa maafisa mikopo wapya: simu nayo ifunge ofisi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mikopo hapa Kigoma, hesabu za marejesho mtazizoea ndani ya mwezi. Kitakachowatesa ni simu.

Mwaka wangu wa kwanza nilijibu kila kitu: grupu la ofisi, magrupu ya vikundi vya akina mama wa dagaa kule Kibirizi, na mteja mmoja aliyekuwa akituma sauti ya dakika sita saa nne usiku kuuliza jambo nililomweleza asubuhi. Nikajiona mchapakazi. Jioni moja nimekaa barazani, Ujiji, wanangu wanacheza baba na mama. Wa kiume ndiye baba. Kashika kipande cha sabuni ya mawese, anakikodolea macho, dada yake anamwita chakula tayari, naye hainui hata uso: "Subiri, namalizia hii." Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuweza.

Kesho yake nikaanza kuzima simu kimyakimya. Msifanye hivyo. Bosi aliona tiki moja usiku kucha, asubuhi nikadaiwa barua ya kujieleza. Kilichosaidia ni kusema mapema. Nilimfuata ofisini kwake, si kwa ujumbe, nikamwambia baada ya saa moja jioni siangalii magrupu, ila kukiwa na dharura apige, nitapokea. Wateja niliwaambia hivyohivyo kwenye mkutano wa kikundi, mwenyekiti akiwepo. Wengi wanaoandika usiku huwa hawapigi. Mwaka mzima walipiga wanne, na wa maana alikuwa mmoja, mtumbwi wake ulikuwa umezama.

Magrupu yazimeni mlio moja kwa moja. Mkiuzima kwa saa nane, zinaisha alfajiri na mnaamshwa na picha ya waridi iliyoandikwa "asubuhi njema".

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ijueni, lakini msiingie nayo mlangoni; mgeni anayeanza na vifungu hupewa jina.

Halafu utazameni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanabaki nyumbani na mwaloni hakuna fedha. Simu ishirini za kufuatilia marejesho hazitaileta. Ruhusa ndogondogo naziomba siku hizo. Mwaka 2024, uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, likizo yangu yote ya siku 28 niliiweka humo, tukaenda Kasulu kwa bibi wa watoto. Orodha ya wateja nilimwachia mwenzangu. Simu nilichungulia mara mbili, chooni.