rm haina kapu la taka

Unauliza kama faili ulilofuta kwa rm, ile amri ya kufuta kwenye Linux na Mac, utalikuta kwenye kapu la taka? Haliendi huko, kaka. Kapu lile ni la madirisha ya kubofya kwa mausi, terminali (dirisha la kuandika amri) haina habari nalo. Hata amri ya del ya Windows ni hivyo hivyo. Nahudumia kompyuta za steshenari hapa Moshi, na kilio hiki nakipokea kila mara, hasa kwa vijana wanaoanza.

Kinachowaponza ni nafasi tupu kati ya herufi. rm *.txt inafuta mafaili ya txt tu. Kidole kikiteleza ikawa rm * .txt, ile nyota, yenye maana ya "jina lolote", imebaki peke yake, basi inafagia kila faili kwenye folda uliyomo (folda za ndani na mafaili yaliyofichwa ndiyo yanayosalimika), halafu bila aibu inakulalamikia kwamba .txt haipo.

Anza na pwd ujue uko wapi, kisha ls *.txt uone kitakachoguswa, ndipo uandike rm -i *.txt. Hiyo -i inakuuliza faili moja moja, unajibu y au n.

Kama umeshafuta, usihifadhi kitu kingine chochote kwenye diski hiyo. Ichomoe, ijaribu na PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, kwenye mashine nyingine. Ni ya bure, ila majina ya mafaili hayarudi, utapata namba tupu. Kwenye flashi mara nyingi kuna cha kuokoa. Kwenye SSD (diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka) usijipe matumaini sana, TRIM, ile kazi ya kusafisha sehemu zilizofutwa, huwa imeshasafisha.