Wasomaji Wanauliza: Kuchagua Mvinyo Mpya Ulioingia Dukani

Barua nyingi tulizozipokea safari hii zinazunguka jambo moja: chupa mpya zinapowasili dukani, mnunuzi azichague vipi ili asipoteze fedha zake? Tumechagua barua tano na kuzifupisha kabla ya kuzijibu.

Msomaji wa Toronto anauliza: Mimi ni mwenyeji wa Tanga ninayeishi Kanada. Hapa Ontario mvinyo mwingi huuzwa na LCBO, shirika la serikali ya jimbo, ambalo kitengo chake cha Vintages hutoa orodha ya chupa mpya mara kwa mara. Kila chupa huambatana na alama kati ya mia na maelezo ya mwonjaji, kama vile beri nyeusi, mbao za mwerezi na vumbi la penseli. Sikukua na harufu hizo. Je, nifuate alama tu?

Jibu: Usifuate alama peke yake, na wala usijione mgeni mbele ya maelezo hayo. Mwonjaji anapoandika kwamba amesikia beri nyeusi, anataja kitu kilichomo katika kumbukumbu ya pua yake, na wewe una kumbukumbu zako ambazo pengine ni tajiri kuliko zake. Harufu za mvinyo hazibuniwi, kwa kuwa nyingi zina kemikali inayojulikana. Mvinyo uliolazwa katika mapipa ya mwaloni hupata kutoka kwenye mbao hizo eujenoli, ambayo ndiyo inayoyapa mafuta ya karafuu harufu yake, kwa hiyo mtu wa Tanga, Unguja au Pemba anaweza kulitambua pipa kwa kunusa mara moja. Mvinyo wa zabibu ya Syrah, hasa ule wa nchi zenye baridi kiasi, huwa na rotundoni, na mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba hiyo ndiyo kemikali inayobeba harufu ya pilipili manga. Chupa nyingi za zabibu ya Sauvignon Blanc hunukia pasheni na mapera, nyingine hunukia pilipili hoho mbichi. Chupa ya zabibu ya Riesling iliyokaa miaka mingi hutoa harufu inayofanana na mafuta ya taa, na wapenzi wake hawaihesabu kuwa kasoro. Andika basi kwa majina yako: ukwaju, zambarau, ganda la chungwa, moshi wa kuni, ngozi ya kiatu kipya. Ukishaonja chupa kadhaa utaweza kuyasoma maelezo ya orodha na kujua mwandishi anapoandika mwerezi, wewe huwa unasikia nini.

Hata hivyo, harufu si kitu cha kwanza cha kutafuta katika orodha. Tafuta kwanza umbo la mvinyo wenyewe, yaani sukari, uchachu, kilevi na tanini, ambayo ni ule ukakasi unaokausha ufizi kama chai iliyokolea mno. Katika maduka ya LCBO mara nyingi utakuta kiasi cha sukari kimeandikwa kwa gramu kwa lita, na hiyo ni taarifa yenye manufaa kuliko sifa zote za mwandishi. Chini ya gramu 5 hivi, watu wengi hawausikii utamu. Ikifika 10 na kuendelea, utamu huanza kuonekana waziwazi, isipokuwa pale ambapo uchachu ni mwingi wa kutosha kuuficha. Mtu aliyeizoea divai tamu ya nyumbani akanunua chupa ya gramu 2 kwa sababu ilipewa alama 94, atadhani ameuziwa siki.

Kuhusu alama zenyewe, mfumo huu ulienezwa na mwonjaji wa Kimarekani Robert Parker, nao huanzia 50, wala hauanzii sifuri. Kwa kuwa maduka hutangaza zile tu zilizofanya vizuri, karibu kila chupa utakayoikuta na kibandiko itakuwa kati ya 88 na 95, na tofauti ya alama mbili ndani ya nafasi hiyo finyu haipaswi kukutoa fedha mfukoni. Ninachoshauri ni kumtafuta mwonjaji mmoja ambaye chupa alizozisifu zilikupendeza hata wewe, kisha umfuate huyo. Chupa mpya huwa chache na hazikai sana, kwa hiyo nunua moja, ionje siku hiyohiyo au kesho yake, na ukiipenda urudi kuchukua nyingine kabla hazijaisha.

Msomaji wa Nairobi anauliza: Duka la karibu na kwangu limeandika kwamba mvinyo mpya umewasili. Nilipotazama lebo, chupa moja ilikuwa ya mwaka 2017 na nyingine ya mwaka jana. Ni ipi iliyo mpya, na je, ile ya zamani ni masalio?

Jibu: Mwaka ulioandikwa kwenye lebo ni mwaka wa kuvunwa kwa zabibu, na hauna uhusiano wa moja kwa moja na siku chupa ilipofika dukani. Nchini Afrika Kusini, ambako mvinyo mwingi unaouzwa Afrika Mashariki unatoka, mavuno huwa takriban kati ya Januari na Aprili, ilhali Ufaransa na Italia huvuna kati ya Agosti na Oktoba. Kwa hiyo chupa mbili zenye mwaka mmoja zinaweza kupishana umri kwa nusu mwaka, na hiyo si tofauti ndogo kwa mvinyo mweupe mwepesi.

Mingine hutolewa kiwandani ikiwa tayari imezeeka, kwa matakwa ya sheria. Rioja nyekundu ya Hispania iliyoandikwa Reserva lazima iwe imekaa miaka isiyopungua 3, na ile ya Gran Reserva isiyopungua 5, sehemu ya muda huo ikiwa ndani ya mapipa. Chupa ya namna hiyo ya mwaka 2017 inaweza kabisa kuwa ndiyo kwanza imewasili. Angalia tu kwamba neno lenye maana kama hiyo katika lebo za nchi nyingine nyingi halina nguvu ya sheria, na mtengenezaji huweza kuliandika apendavyo. Upande mwingine kabisa kuna Beaujolais Nouveau ya Ufaransa, ya zabibu ya Gamay, ambayo huruhusiwa kuuzwa kuanzia Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Hiyo hunywewa ndani ya miezi michache, na ukiikuta imepunguzwa bei mwaka mmoja na nusu baadaye, iache hapohapo.

Kanuni ninayoitumia mwenyewe ni nyepesi. Mvinyo mweupe wa bei ya kawaida, pamoja na ule wa rangi ya waridi, nautafuta ukiwa mchanga iwezekanavyo, na ukipita miaka mitatu siununui bila sababu maalumu. Cabernet Sauvignon nzuri ya Stellenbosch, Afrika Kusini, au Chenin Blanc iliyolazwa pipani, siiogopi hata ikiwa na miaka mitano au zaidi, mradi imetunzwa vizuri.

Na hapo kwenye kutunzwa ndipo penye shida kubwa katika maduka yetu. Mvinyo hupenda mahali penye giza na joto la nyuzi 10 hadi 15, lisilopandapanda. Chupa iliyokaa miezi kadhaa penye nyuzi 30, chini ya taa kali au karibu na dirisha, hupoteza uhai wake na kuanza kuonja kama tunda lililopikwa, na hakuna mwaka wala medali itakayoirudisha. Kabla ya kulipa, ishike chupa. Ikiwa kioo kina uvuguvugu, irudishe rafuni. Tazama shingo: mvinyo ukiwa umeshuka mno chini ya kizibo, kizibo kikiwa kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa, au kukiwa na michirizi iliyogandia pembeni, hizo ni dalili kwamba joto limeipitia. Muulize muuzaji shehena ilifika lini na ilihifadhiwa wapi. Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakujibu bila kusitasita, na huyo ndiye wa kuendelea kununua kwake.

Msomaji wa Dodoma anauliza: Nataka kumpelekea shemeji yangu mvinyo wa kwetu. Kila wakati naona chupa mpya. Nichague ipi?

Jibu: Dodoma ina jambo ambalo nchi nyingi zinazosifika kwa mvinyo hazina. Zabibu, ambazo wamisionari wa Kikatoliki walianza kuzipanda huko katika miaka ya 1950, huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara nyingi karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Kwa hiyo mwaka peke yake haukuelezi kila kitu. Tazama tarehe ya kuzalishwa na uchague chupa yenye tarehe ya karibuni, hasa ikiwa ni mvinyo mweupe.

Jambo la pili ni kumfahamu shemeji. Ikiwa amezoea mvinyo usio na utamu, mtafutie ulioandikwa kuwa mkavu, uliotengenezwa kwa zabibu za Chenin Blanc, Syrah au ile nyekundu ya Makutupora, ambayo hataipata kwingine kwa urahisi. Ile mitamu ina wapenzi wengi na haina haja ya kuonewa aibu, lakini mpe akijua anapewa nini, na mpe ikiwa baridi, baada ya chakula. Onja chupa moja ya kila aina wewe mwenyewe kabla ya kumnunulia.

Msomaji wa Dar es Salaam anauliza: Tuko marafiki sita na tungependa kuchangishana kununua chupa mpya kadhaa, tuzionje pamoja na kuamua ipi ya kununua kwa ajili ya harusi. Tufanyeje?

Jibu: Hii ndiyo njia bora kuliko zote, na ningefurahi kuona wengi wakiifuata. Chupa ya kawaida ina mililita 750, na mililita 50 kwa kila mtu zinatosha kuonja. Watu sita watatumia 300, na zinazobaki zitakwenda na chakula. Chagueni chupa nne za zabibu ya aina moja zenye bei tofauti, tuseme Chenin Blanc nne za Afrika Kusini, na moja kati ya hizo iwe ile mnayoifahamu tayari, ili muwe na kipimo.

Zifungeni kwa gazeti au mifuko ya kaki na kuzipa namba, kazi hiyo ifanywe na mtu asiyeonja. Msilione jambo hili kuwa mchezo wa kitoto. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo waliwapa wanafunzi 54 wa masomo ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi hao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jijini Paris, tarehe 24 Mei 1976, waamuzi wa Kifaransa walioonja bila kuona lebo walizipa nafasi ya kwanza chupa za California, nyeupe na nyekundu pia, mbele ya zile mashuhuri za nchi yao. Ikiwa lebo na rangi huwapotosha watu wa namna hiyo, zitatupotosha na sisi, na bei itatupotosha zaidi.

Siku hiyo msifukize udi, na kila mmoja aache manukato nyumbani, kwa sababu pua ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Tumieni glasi zinazofanana, zenye tumbo pana na mdomo uliobana, na mimineni kiasi kidogo. Tazama kwanza, kisha nusa kabla ya kuizungusha glasi na baada ya kuizungusha, ndipo uonje. Usukutue mvinyo mdomoni mpaka uguse ufizi, uuteme kwenye ndoo, kisha uhesabu kimoyomoyo ladha inakaa muda gani. Ladha inayobaki ikipendeza baada ya kutema ni dalili ya ubora ninayoiamini kuliko nyingine yoyote. Kila mtu aandike kwanza, bila mazungumzo, kwa sababu mwenye sauti kubwa akitamka neno la kwanza wengine watalisikia hilohilo glasini mwao.

Angalieni pia joto. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumbani ulitolewa kwa nyumba za Ulaya zenye ubaridi, wala haukukusudiwa sebule ya Dar es Salaam yenye nyuzi 30. Mwekundu uwekeni kwenye friji mpaka ufikie kama nyuzi 16. Mweupe utoeni kwenye friji dakika kumi kabla, maana ukiwa baridi mno unaficha harufu na kasoro zake zote. Masalio yafungeni, yaingie kwenye friji, na muonje tena kesho yake. Kwa kuwa harusini chupa hufunguliwa mapema na kukaa wazi, chagueni ile iliyobaki nzuri siku ya pili.

Msomaji wa Arusha anauliza: Nilifungua chupa mpya ikanuka kama boksi lililolowa maji. Je, ndivyo ulivyo, au nirudishe?

Jibu: Rudisha. Hiyo ni harufu ya TCA, kemikali ambayo mara nyingi hutokana na kizibo cha gome la mwaloni. Haidhuru afya, lakini inaua harufu ya matunda, na haipungui hata ukiuacha mvinyo upumue. Funga chupa ikiwa bado na sehemu kubwa ya mvinyo, chukua risiti, uende mapema, na umwombe muuzaji anuse mwenyewe. Duka makini hubadilisha bila ubishi. Chupa zenye kifuniko cha kuzungusha haziingiwi kwa urahisi na tatizo hili, kwa hiyo usizidharau ukizikuta kati ya zile mpya.