Makadamia ya Kandara: MRG-20, KRG-15 au KMB-3?

SWALI: Bwana Shamba, salamu. Nimerithi ekari mbili Kandara, Murang'a, pale kahawa inapoanza kupakana na majani chai. Mibuni nimeing'oa, nataka makadamia ya kuuza. Kitalu kimoja kinasifia MRG-20, kingine KRG-15, shemeji yangu wa Kiambu hasikii ila KMB-3, na jirani ananipa bure miche aliyootesha kwa mbegu. Nipande ipi? – M. W.

JIBU: Mama, nianze na hiyo ya bure, kwa sababu ndiyo inayonitia hofu. Mche wa mbegu haufuati mama yake. Unaweza kuungoja miaka 7 hadi 10, wakati uliopandikizwa kitawi cha aina bora huanza kuzaa mwaka wa 4 au wa 5, kisha ukute umepata tetraphylla, jamii ya makadamia isiyopendwa viwandani. Nenda kwa jirani ukaitazame mwenyewe. Majani yakikaa manne manne kwenye pingili, karibu hayana kikonyo, miiba ya kingo inakuchoma kidole na machipukizi ni mekundu, mshukuru jirani uiache hapo. Integrifolia, jamii ile nyingine ya makadamia unayoitaka wewe, majani yake hukaa matatu matatu, yana kikonyo, na machipukizi ni ya kijani kilichopauka. Kokwa ya tetraphylla ina sukari nyingi na mafuta machache. Ni tamu kuitafuna mbichi, ila kiwandani ikikaangwa hugeuka kahawia, na bei inashuka.

Sasa hizo tatu. Herufi zinakuambia zilikotoka: Murang'a, Kirinyaga, Kiambu. KRG-15 ni ya ukanda wa chini wenye joto, nami ningempa mtu wa Makuyu bila kusita. KMB-3 ni chotara anayevumilia baridi ya juu. MRG-20 hukaa katikati, na kwa maelezo yako ndiyo yako. Ekari moja hubeba miche 40 ukiacha mita 10 kila upande. Katika 80 zako, ningeweka 60 za MRG-20 na 20 za KMB-3 upande wa juu, ukizichanganya safu kwa safu panapokutana. Makadamia huzaa vizuri zaidi nyuki wakihamisha chavua kati ya aina tofauti.

Kabla ya kulipa kitalu, omba njugu za kila aina kwa wakulima wa kijijini kwako. Zikaushe barabara, zivunje, utie kokwa kwenye bakuli la maji ya bomba. Inayoelea ina mafuta yasiyopungua asilimia 72 hivi, na hiyo ndiyo daraja la kwanza. Inayozama, iwe imechumwa changa au ni ya aina dhaifu, mnunuzi makini haitaki. Mimi huliamini bakuli hilo kuliko karatasi yoyote ya matangazo.

Shimoni tia samadi iliyooza vizuri. DAP, mbolea ya dukani yenye fosfeti nyingi, ya konzi konzi kama ya mahindi, hapana. Mizizi ya makadamia ni hodari wa kunyonya fosfeti, na ikizidi majani huwa ya njano kwa kukosa madini ya chuma.

Na madalali watakuja mapema wakitaka kuchuma juu ya mti. Pasua ganda la nje kwanza: ndani pakiwa peupe, wafungie lango. Subiri pawe kahawia, uokote zilizoanguka zenyewe.