Kabla ya Kupiga Hema Kisiwani

Wengi mnaojiunga nasi katika safari za mtumbwi kwenye mto Tana hutoka Nairobi Jumamosi asubuhi, mkapita Thika na kufika Sagana mkiwa na hamu ya kuingia majini mara moja. Naomba kwanza mketi ukingoni muutazame mto, kwa sababu maji yake hayategemei mvua ya Sagana pekee. Yanateremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na mvua iliyonyesha huko alasiri inaweza kumfikia usiku mtu aliyelala kisiwani chini ya anga lenye nyota.

Hilo nilijifunza mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Tulipiga hema kwenye fungu la mchanga, mahali pakavu na laini, nami nikachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Nilipoamka usiku kukitazama, hakikuonekana, na mtumbwi tuliokuwa tumeuvuta hadi nchi kavu ulikuwa ukielea, umeshikiliwa na kamba tu. Hadi leo namshukuru mwenzetu aliyesisitiza ufungwe mtini.

Kwa hiyo, tafuteni majani makavu na vijiti vilivyonaswa kwenye vichaka. Hiyo ni alama ya mafuriko yaliyopita, na hema sharti likae juu yake. Ikiwa kisiwa kizima kiko chini ya alama hiyo, laleni ng'ambo.

Maji yakiwa mengi, hatari kubwa iko kwenye ncha ya juu ya kisiwa, ambako mkondo hugawanyika na miti iliyoanguka huyaacha maji yapite lakini humnasa mtu pamoja na chombo chake. Pigeni kafi mapema, mpite mbali, kisha mwegeshe kwenye ncha ya chini, ambako maji hutulia. Yakipungua, njia nyembamba ya nyuma ya kisiwa huweza kubaki mawe matupu. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya udongo au yakianza kubeba matawi, ondokeni bila kungoja kina kiongezeke.

Kuelekea bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kuna viboko na mamba, na chini ya mabwawa maji hupanda na kushuka kufuatana na yanavyofunguliwa kwa ajili ya umeme. Huko msipige kambi kabla ya kuwauliza wavuvi viboko hupandia wapi usiku.